Mafundo Matatu Shingoni mwa Chupa

Kila Jumanne asubuhi, kabla jua halijapata nguvu, kazi yangu ilikuwa kufuta kioo. Si kioo cha dirisha la nyumba, bali kioo cha mbele cha gari la baba, tena kwa ndani, tena gari likiwa linakwenda! Nilikaa kiti cha mbele na kitambaa mkononi. Nilifuta upande wa baba, nikahamia upande wangu, na nilipomaliza wangu, ule wa baba ulikuwa umeshajaa ukungu tena. Mkono uliniuma mpaka begani. Hita ya gari ilikuwa imekufa. Ukiiwasha, ilipuliza baridi kana kwamba umefungua mlango wa friji.

Kiti cha nyuma alikaa bibi, mama yake baba, amejifunika shali mbili. Kila gari liliporuka shimo, alikohoa. Tulikuwa tunampeleka kliniki ya kifua. Hebu niambie mwenyewe: mtu anaumwa kifua, unampeleka akatibiwe kifua, halafu njia nzima unampulizia baridi kifuani! Jambo hilo lilinikera sana, na mimi nikikereka husema.

"Baba, hii hita itatengenezwa lini?"

"Nitaitengeneza."

"Hata Jumanne iliyopita ulisema hivyo hivyo."

"Zima redio," alisema baba, macho yake barabarani.

Redio ndiyo mimi. Nyumbani wananiita hivyo kwa sababu, wanasema, nikishawaka sizimiki. Kinachoudhi ni kwamba redio ya kweli watu huisikiliza.

Jumanne hiyo, tulipokata kona karibu na duka la mikate, mtu wa baiskeli aliyebeba trei za mayai alichomoza mbele yetu. Baba hakumwona. Kioo chote kilikuwa cheupe kwa ukungu. Nilipiga kelele, baba akakanyaga breki, sote tukarushwa mbele. Mayai yalinusurika, na mwenyewe pia, ila alituporomoshea maneno ambayo siwezi kuyaandika humu. Bibi alishikwa na kikohozi mpaka machozi yakamtoka.

"Mwanangu," alimwambia baba alipopata pumzi, "leo ndiyo mwisho. Mimi sipandi tena gari hili mpaka lipate joto, na wewe uweze kuona unakokwenda."

"Mama, na kliniki je?"

"Kliniki itanisubiri."

Bibi akishasema neno, amesema. Na daktari naye alikuwa ametuonya kwamba bibi asikose kliniki hata mara moja, kwa sababu dawa zake zinapimwa na kubadilishwa kila anapokwenda. Kwa hiyo tulikuwa na siku chache tu za kuifufua ile hita.

Dawa za bibi nazijua kuliko mtu yeyote pale nyumbani. Macho yake yameingiwa na mtoto wa jicho na hawezi kusoma maandishi. Mimi ndiye ninayemfungia uzi kwenye chupa zake, uzi mnene wa kushonea magunia, ili vidole vyake vimsomee. Fundo moja ni dawa ya asubuhi. Mafundo mawili ni ya jioni. Mafundo matatu ni ile dawa ya kuchua magoti, ambayo siku moja bibi nusura aipige funda akidhani ni ya kikohozi. Tangu siku hiyo tulikubaliana kuwa mafundo matatu maana yake ni moja: usitie mdomoni. Kipande cha uzi huo hakikosi mfukoni mwangu.

Jumamosi asubuhi mimi na baba tulilipeleka gari kwa fundi wa magari ambaye mtaa mzima unamwita Spana. Spana alifungua boneti, akagusa mipira miwili inayoingia ukutani nyuma ya injini. Mmoja ulikuwa wa moto, wa pili baridi.

"Umeona?" alisema. "Maji ya moto yanafika mlangoni, lakini hayapiti. Kuna rejeta ndogo ya hita humu ndani, nyuma ya dashibodi. Imeziba kwa kutu na matope. Haitaki kubadilishwa, inataka kuoshwa tu. Lakini uwanja wangu umejaa, unaona mwenyewe. Mimi labda wiki ijayo, mwishoni."

"Jumanne tunalihitaji," baba alisema. "Nielekeze, nitaiosha mwenyewe nyumbani."

Spana akaanza kueleza, na hapo hapo simu ya baba ikalia. Alikuwa mteja anayedai kabati lake, maana baba ni seremala. Baba alijitenga pembeni huku akimpungia Spana mkono kwamba aendelee, anasikia. Alikuwa hasikii lolote!

Spana alinigeukia mimi. "Basi sikiliza wewe, mdomo wako naujua, utafikisha." Akanieleza polepole. Injini ipoe kabisa kwanza, kwa sababu kifuniko cha rejeta kikifunguliwa kikiwa cha moto, maji hufyatuka yakambabua mtu uso. Mipira isipotiwa alama itachanganywa. Maji ya bomba yapite taratibu, kwa kuwa rejeta ya hita ina vijia vyembamba na nguvu nyingi huipasua. Mwisho maji mapya yajazwe polepole, mapovu yatoke yote. Kisha akainama, akanitazama usoni.

"Na haya maji ya kijani yanayopoza injini, haya ni sumu. Ubaya wake ni matamu, tena hayana harufu ya kumfukuza mtu. Mtoto akiyaonja, ataongeza. Kidogo tu kinaweza kumuua. Yakinge yote, hata yale ya kwanza ya kuoshea. Yatie kwenye dumu, uliandike, mniletee mimi. Msiyamwage mtaroni, na msiyatie kwenye chombo cha kunywea hata kwa dakika moja."

Njiani nilimwambia baba yote, mwanzo mpaka mwisho.

"Ndiyo, ndiyo," alisema. "Mimi ni fundi."

"Wewe ni fundi wa mbao, baba."

"Fundi ni fundi. Zima redio."

Nikageukia dirishani. Kama ni kuzimwa, nilikuwa nimeshazimwa vya kutosha.

Jambo moja ni lazima ulijue kuhusu baba. Hatupi chupa. Karakana yake iko nyuma ya nyumba, na rafu zake zimejaa vanishi, thina na gundi, vyote kwenye chupa za soda na za juisi. Mama amemlalamikia mpaka amechoka. Baba humjibu jibu lile lile: "Nani atakunywa thina? Harufu yake inafukuza hata mbu!" Na kweli, miaka yote hakuna aliyegusa. Hata mdogo wangu wa mwisho, Tumbo, ambaye tunamwita hivyo kwa sababu ulaji wake hauna likizo, akipita pale huziba pua.

Mchana baba alirudi kutoka kupeleka lile kabati. Hakupumzika. Alifungua boneti, akachukua kitambaa, akanyoosha mkono kwenye kifuniko cha rejeta.

"Baba, bado ni ya moto!"

"Nina kitambaa."

"Spana amesema—"

"Spana, Spana! Huyo Spana ndiye anayenilisha?"

Bibi alikuwa ameketi kwenye kiti chake mlangoni. "Wee mwanangu," alisema bila kupandisha sauti, "mtoto anakwambia moto. Moto hauna adabu, haujui nani baba."

Baba akashusha mkono. Alikunywa chai akiwa amesimama, akilitazama gari kama mtu anayesubiri mdeni. Injini ilipopoa, kazi ikaanza, na mimi nikageuka mtumwa wa kukimbia. Lete bisibisi. Si hiyo, ile ndefu. Lete koleo. Lete glavu za mpira. Lete beseni.

"Beseni lipo la mama la kufulia tu."

"Lete!"

"Mama akirudi dukani—"

"Redio!"

Nikalileta. Nilifunga kitambaa chekundu kwenye mpira wa juu ili tusije tukaichanganya, na hapo angalau baba hakubisha. Akalegeza vibano, maji ya kijani yakachuruzika ndani ya beseni. Yalikuwa mazuri kutazama, na hilo ndilo lililonitisha. Baba naye aliyapenda, ila kwa sababu nyingine.

"Aa, mbona bado safi haya? Tutayarudisha." Akaingia jikoni, akatoka na chupa tupu ya juisi, ile yenye picha ya matunda. Akaichovya pale kwenye beseni mpaka ikajaa, akakaza kifuniko kwa mkono wake wa useremala, akaiweka kwenye ngazi ya mlango wa jikoni.

Nilihisi damu imenipanda kichwani. "Baba! Chombo cha kunywea! Ndicho alichokataza!"

"Nitayatumia sasa hivi, hata jua halitahama."

"Tumbo je?"

"Tumbo anacheza huko nje. Nimesema zima redio!"

Mama alikuwa dukani, bibi ameshaingia ndani kujinyoosha. Ningemwambia nani? Nilitamani kuibeba ile chupa niifungie kabatini, lakini baba alikuwa ananiita nikashike mpira wa maji, tena kwa ukali. Nikachomoa uzi mfukoni. Nikaufunga shingoni mwa chupa, fundo la kwanza, la pili, la tatu, nikayakaza kwa meno kwa hasira. Sikujua yatasaidia nini. Nilijua tu kwamba siwezi kuiacha hivi hivi.

"Fungua bomba!" baba aliniamuru. Alikuwa ameunganisha mpira wa bustani na mpira wa chini, ili maji yapite kinyume na njia yake ya kawaida na kuusukuma uchafu nje.

Nikafungua kidogo.

"Zaidi!"

"Taratibu, baba, itapasuka."

"Nani baba hapa?" Akaja mwenyewe, akalizungusha bomba mpaka mwisho, akarudi kuinamia injini. Mpira ukachomoka kwa kishindo, ukamchapa maji ya uso. Baba alisimama wima, ndevu zinadondoka maji. Nilijiuma midomo nisicheke, wallahi nilijiuma. Kisha akanyanyua kidole kunionyesha, kidogo kidogo. Nikafungua bomba kidogo kidogo.

Hapo ndipo uchafu ulipotoka. Maji yalitoka rangi ya chai ya rangi, yakafuata mapande ya kutu na matope laini meusi. Beseni la mama likajaa, tukayahamishia kwenye ndoo mbovu. Baada ya muda maji yakawa meupe. Tukageuza upande wa pili, matope yakatoka tena, mpaka nayo yakaisha. Baba aliinua kichwa, na kwa mara ya kwanza siku hiyo nikaona meno yake.

"Umeona? Si nilikwambia mimi fundi?" Akarudisha mipira, akakaza vibano, akapangusa mikono. "Sasa, nipe ile chupa."

Niligeuka kwenye ngazi. Chupa haikuwepo.

Nilimtazama baba na yeye akanitazama. Tabasamu lilimtoka usoni.

"Redio, ile chupa uliitoa wewe?"

"Sikuigusa tena."

Aliuruka mpira wa maji, akaingia jikoni na viatu vyake vya matope. Mama alikuwa amesharudi, anapanga vitu kwenye rafu.

"Chupa! Chupa iliyokuwa nje iko wapi?"

"Ya juisi? Nimeikuta juani, nikaiingiza. Juisi ikikaa juani si inaharibika? Nimeiweka hapo me—" Mama aligeukia meza. Juu ya meza hapakuwa na kitu. "Mbona ilikuwa hapa sasa hivi?"

"Tumbo yuko wapi?" baba aliuliza. Sauti yake ilikuwa imebadilika, haikuwa sauti ninayoijua.

Kabla mama hajajibu, tulisikia kilio kutoka chumbani kwa bibi. Kilikuwa kilio cha Tumbo, kirefu, cha kuishiwa pumzi. Baba aliangusha kiti akikimbia. Mimi nilikimbia nyuma yake, nikirudia moyoni: nilisema, nilisema, nilisema.

Tumbo alikuwa chini kwenye mkeka, anapigapiga miguu. Kikombe chake kilikuwa kimelala kando. Juu ya kitanda alikaa bibi, ameikumbatia chupa kwa mikono yote miwili chini ya shali, kama mtu aliyezungukwa na wezi.

Baba alimnyakua Tumbo, akamnusa mdomo, akaokota kikombe, akakitumbulia macho. "Umekunywa? Niambie, umekunywa?"

"Bibi kaninyima!" Tumbo alilia. "Bibi mchoyo! Anataka kunywa peke yake!"

Sijawahi kusikia mashtaka matamu kama hayo. Kikombe kilikuwa kikavu.

"Kaniletea nimfungulie," bibi alisema. "Kifuniko kimekaza utafikiri kimepigiliwa misumari. Nikaishika shingoni nipate nguvu, nikakuta uzi. Nikahesabu. Moja, mbili, tatu. Nikajiambia, mkono huu naujua, ni wa mke mwenzangu, na yeye hafungi fundo ovyo. Nimekaa nayo hapa, na huyu mume wangu anapiga mayowe kama ametelekezwa. Haya, nielezeni. Kuna nini humu?"

Baba alikaa chini kwenye mkeka, Tumbo kifuani, akamshikilia mpaka mtoto akaanza kulalamika anabanwa. Mama aliichukua chupa, akaitazama dhidi ya mwanga wa dirisha, akaelewa.

"Sumu," alisema polepole. "Umetia sumu kwenye chupa ya juisi. Na mimi nimeiingiza ndani kwa mikono yangu miwili."

"Mtoto alinikataza," baba alisema. "Tangu asubuhi ananikataza."

Mama alimnawisha Tumbo mikono kwa sabuni na kumkagua mdomo tena. Baba aliyatia maji yote ya kijani na yale machafu kwenye dumu kuukuu, akaliandika SUMU kwa rangi nyekundu ya karakana, herufi kubwa za kusomeka kutoka barabarani. Chupa akaikata kwa msumeno isitumike tena. Palipodondokea matone tulimwaga vumbi la mbao, tukalizoa lote. Beseni tukamwonyesha mama. Alilitazama tu, akasema, "Hilo sasa ni la gari." Nilijua habari ya beseni ingerudi siku nyingine.

Kisha baba akaja kusimama mbele yangu. "Haya. Spana alisemaje? Anza mwanzo."

Hasira yangu ilikuwa bado haijaisha. Mtu unasema kutwa nzima, hakuna anayekusikia, halafu mambo yakishaharibika ndipo wanakukumbuka! Nikakunja mikono.

"Redio imezimwa," nikasema.

Kutoka chumbani kwake bibi alicheka mpaka akakohoa. Baba hakucheka.

"Naomba uiwashe," alisema. "Mimi ndiye niliyeizima, na nilikosea."

Nikawasha. Nilimwambia maji ya zamani hayarudishwi, anunue mapya, na yeye akaenda dukani kwa miguu. Nilimwambia ajaze polepole, swichi ya hita ikiwa kwenye moto kabisa, kisha awashe injini kifuniko kikiwa wazi tangu ikiwa baridi, na sisi tukae mbali. Mwanzoni hita ilipuliza baridi ile ile. Baba alinyanyua mguu apige tairi.

"Hewa imenasa ndani," nilimwambia. "Ngoja mapovu."

Akashusha mguu, akangoja. Mapovu yakapanda, maji yakashuka, akaongeza. Tulipoingia ndani ya gari, upepo kwenye dashibodi ulikuwa vuguvugu, kisha ukawa moto kweli kweli. Baba aliweka viganja vyote viwili mbele yake.

Jioni alinipeleka karakana. "Nifungie mafundo matatu kwenye kila chupa hapa," alisema, akinionyesha rafu za vanishi na thina.

Nikatikisa kichwa. "Mafundo anayajua bibi tu. Tumbo hayajui. Leo ilikuwa bahati, kifuniko kilimshinda."

Baba akajikuna shingo. Kisha akachukua boksi, tukaanza kuhamisha: vanishi kwenye makopo yake, thina kwenye galoni lake, chupa moja baada ya nyingine. Bibi alikuja akishika ukuta, akakaa kwenye kigogo cha mbao kutusikiliza.

"Mwanangu," alimwambia baba, "sikio la kufa halisikii dawa."

"Najua, mama."

"Lako halijafa. Lilikuwa limelala tu."

Baba alinigeukia. "Sikia, binti yangu. Mimi nilijua ni sumu, kwa sababu uliniambia. Nilidhani kujua kwangu kunatosha. Lakini mtoto akiona chupa ya juisi haoni sumu, anaona juisi, na kosa si lake. Kazi ya hatari haiishi gari likipona. Inaisha kila kitu cha hatari kikiwa mahali ambapo hata asiyejua hawezi kudhurika. Na anayekwambia 'ngoja', hata awe mdogo kiasi gani, ngoja kwanza, ndipo ubishe."

Jumanne ilifika. Bibi alipanda mwenyewe, bila kubembelezwa. Dumu lilikuwa nyuma kwenye buti, limefungwa kamba, tunalipeleka kwa Spana. Kabla hatujafika duka la mikate, bibi alivua shali moja, na tulipolipita akavua ya pili. Kioo cha mbele kilikuwa safi kabisa, unaona mpaka mwisho wa barabara. Kitambaa kilikuwa mapajani mwangu, kikavu.

"Mbona kimya?" baba aliuliza.

"Sina kazi leo."

"Basi zungumza."

"Nizungumze nini?"

"Chochote. Nasikiliza."

"Umeyataka mwenyewe," bibi alisema kutoka nyuma.

Nikavuta pumzi, nikaanza na habari ya tairi la nyuma la kushoto, ambalo nilikuwa nimeliona limeisha. Baba akapunguza mwendo, akaegesha pembeni, akashuka kwenda kulitazama.